Wachoraji Wakubwa wa Dunia na Kazi Zao: Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Karakanani

Kazi yangu ni kuandika majina kwenye mitumbwi na kuchora mabango ya maduka hapa Kirumba, Mwanza. Jumamosi nafundisha vijana kuchora. Ukutani nimebandika nakala za picha maarufu nilizochapisha steshenari, na kila mteja anayesubiri rangi ya bango lake ikauke lazima ageuke aanze kuuliza. Maswali ni yaleyale. Nimechoka kuyajibu huku nimeng'ata brashi, kwa hiyo nimeyaandika.

Fundi, ile Karamu ya Mwisho iliyoko kwenye kitambaa sebuleni kwa mama, aliichora nani?

Hili ndilo linaloongoza. Kile kitambaa cha kung'aa, chenye pindo la dhahabu, kinachotundikwa juu ya kochi, kimeigwa kutoka kazi ya Leonardo da Vinci, Mtaliano aliyezaliwa mwaka 1452 na kufariki 1519. Yeye hakuchora kwenye kitambaa. Alichora ukutani, kwenye bwalo la chakula la watawa wa Santa Maria delle Grazie mjini Milan, kati ya 1495 na 1498 hivi. Picha ina upana wa karibu mita 9, sawa na mtumbwi mzuri wa kuvulia, na kwenda juu ni kama mita 4.6.

Alichokamata ni ile sekunde baada ya Yesu kusema, "Mmoja wenu atanisaliti." Mitume wamegawanyika watatu watatu, mikono inaruka huku na huku, kila mtu anauliza ni nani. Tazama kundi la pili kutoka kushoto: yule anayejivuta nyuma, uso wake kivulini, mkono umekaza mfuko wa fedha, ndiye Yuda. Halafu fuata mistari ya dari na ya kuta za pembeni. Yote inakimbilia sehemu moja, kichwani kwa Yesu. Wataalamu waliosafisha ukuta walikuta tundu la msumari hapohapo kichwani, kwenye panja. Leonardo alipiga msumari akafunga uzi, akapata mistari yake iliyonyooka. Mimi nikipanga herufi za bango refu nafanya hivyohivyo, na siku niliyosoma habari hiyo nilijisikia vizuri wiki nzima.

Sasa ubaya wake. Desturi ya Italia wakati ule ilikuwa kuchora juu ya lipu mbichi ya chokaa. Rangi inachanganywa na maji tu. Chokaa inapokauka inavuta kabonidayoksaidi ya hewani, inakuwa kama jiwe, na rangi inabaki imefungwa humo ndani karne na karne. Shida ni kwamba lazima umalize kipande cha siku hiyo kabla lipu haijakauka. Leonardo alikuwa mtu wa polepole, wa kurudiarudia. Akaamua kuchora juu ya lipu kavu, kwa rangi zilizochanganywa na mayai na mafuta. Unyevu ukaingia nyuma, rangi ikaanza kubanduka angali hai.

Namwelewa kabisa. Niliwahi kuchora sangara mkubwa kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa mgahawa mmoja, lipu haijakauka vizuri, mwenye mgahawa ana haraka ya kufungua. Mimi nilikosea kwa kuwahi na Leonardo kwa kuchelewa, lakini unyevu ni uleule. Baada ya miezi mitatu sangara alikuwa ameparuliwa magamba yote, na pesa yangu ya mwisho sijaiona mpaka leo.

Watawa nao mwaka 1652 walitoboa mlango chini ya picha, wakaondoka na miguu ya Yesu. Kwa hiyo angalia kitambaa chenu: kama miguu inaonekana, aliyekitengeneza alifuata nakala za zamani zilizochorwa kabla ya mlango huo, au kaibuni mwenyewe. Mwaka 1943 bomu la vita lilibomoa paa la bwalo na ukuta mmoja. Ukuta wa picha ulisalimika kwa sababu ulikuwa umezungushiwa mifuko ya mchanga. Kazi ya kuusafisha na kuuokoa ilichukua zaidi ya miaka 20, ikaisha 1999.

Yule aliyekaa karibu na Yesu ni mwanamke?

Ni Yohana. Wachoraji wa Italia wa enzi zile walizoea kumchora kijana, hana ndevu, nywele ndefu. Mkikosana kwa hili nyumbani mimi simo.

Mona Lisa ana nini hasa? Mbona ni dada wa kawaida tu?

Dada wa kawaida ndiyo, na jina lake analo: Lisa Gherardini, mke wa mfanyabiashara wa hariri wa Florence aliyeitwa Francesco del Giocondo. Leonardo alimwanza mwaka 1503 hivi, juu ya ubao wa mpopla, na picha hakuwahi kuikabidhi kwa mteja. (Wateja wangu, mnasoma?) Alihama nayo mpaka Ufaransa, ndiyo maana leo iko Louvre, Paris. Ni ndogo, sentimita 77 kwa 53. Watu wanaofika pale wanaikuta nyuma ya kioo, mbele yao vichwa mia.

Kwa fundi, utamu uko kwenye kingo. Tafuta mstari unaoonyesha mdomo umeishia wapi, hutaupata. Leonardo alipaka tabaka nyembamba mno, moja juu ya nyingine, mpaka kivuli kinayeyuka ndani ya mwanga. Waitaliano wanaiita sfumato, neno linalotokana na moshi. Ukiwahi kukaa jioni mahali wanapokausha samaki kwa moshi ukamwona mtu upande wa pili, sura unaijua lakini huwezi kusema inaanzia wapi, basi umeelewa. Ndiyo maana tabasamu lake linakuja na kupotea.

Umaarufu wa kupindukia, huo uliletwa na mwizi. Tarehe 21 Agosti 1911, Mtaliano aliyewahi kufanya kazi Louvre, Vincenzo Peruggia, aliitoa ukutani na kutoka nayo. Magazeti ya dunia nzima yakaandika. Watu wakapanga foleni kuangalia nafasi tupu pale ilipokuwa imetundikwa. Polisi walimhoji hata Picasso. Picha ilikaa kwa Peruggia zaidi ya miaka miwili, mpaka alipojaribu kuiuza Florence, Desemba 1913, akakamatwa.

Basi tuambie, nani mkubwa kuliko wote?

Hakuna kombe. Ukinibana sana, Rembrandt. Sababu iko swali linalofuata.

Kuna picha yoyote maarufu ya ziwa, mitumbwi au wavuvi? Sisi hayo ndiyo tunayajua.

Zipo, na hapa naomba nikae kidogo.

Ya kwanza ni *Dhoruba Katika Bahari ya Galilaya*, ya Rembrandt van Rijn, Mholanzi, mwaka 1633. Galilaya inaitwa bahari lakini ni ziwa la maji baridi, kilomita za mraba kama 166 tu. Letu ni karibu 68,800. Ila upepo hauulizi ukubwa. Chombo kimeinuka omo juu, wimbi limepasuka juu yake, tanga limechanika, watu kama watano wanahangaika na mlingoti. Huku nyuma gizani wamemzunguka Yesu wanamwamsha. Mmoja ameinamia maji anatapika. Mwingine ameshika kofia kwa mkono mmoja na kamba kwa mkono wa pili, anatutazama sisi moja kwa moja. Hesabu vichwa: utapata 14. Yesu na mitume ni 13. Huyo wa ziada, mwenye kofia, ana sura ya Rembrandt mwenyewe. Amejipakia.

Mzee mmoja mvuvi wa Ukerewe alikuja kufuata jina la mtumbwi wake, akaiangalia nakala yangu muda mrefu bila kusema. Mwishowe akasema, "Mwalimu, tanga hili lilipaswa kushushwa zamani. Na huyu wa usukani ndiye peke yake anayefanya kazi." Nimesoma maelezo mengi ya picha hii na sijaona yanayomzidi.

Kwenda kuiona haiwezekani tena. Usiku wa tarehe 18 Machi 1990 watu wawili waliovaa kama polisi waliingia makumbusho ya Isabella Stewart Gardner mjini Boston, Marekani, wakawafunga walinzi, wakaondoka na kazi 13, hii ikiwemo. Waliikata kutoka kwenye fremu. Zawadi ya dola milioni 10 imetangazwa, mpaka leo hakuna kilichorudi, na fremu tupu bado imetundikwa palepale. Ndiyo picha pekee ya bahari ambayo Rembrandt alichora.

Ya pili ni *Wimbi Kubwa la Kanagawa*, ya Mjapani Katsushika Hokusai, mwaka 1831 hivi, mzee wa miaka zaidi ya 70. Wengi hawaoni mitumbwi mpaka nioneshe kwa kidole. Ipo mitatu, wapiga makasia wameinama wameng'ang'ania, wimbi limewanyanyukia na kucha zake nyeupe. Ile pembetatu ndogo kwa mbali ni mlima Fuji. Mitumbwi ile ilikuwa ya mwendo kasi, ya kuwahisha samaki wabichi sokoni Edo, mji unaoitwa Tokyo leo. Yaani ni biashara ileile ya soko letu la samaki la Mwaloni, kuwahi kabla samaki hajaharibika. Tena kazi hii ni chapa: mchoro unachongwa kwenye mbao, unapakwa rangi, unagandamizwa kwenye karatasi. Zilitoka nakala maelfu, na moja iliuzwa kwa bei ya bakuli moja au mbili za tambi. Watu wa kawaida walibandika nyumbani, kama mnavyobandika kalenda.

Ya tatu ndiyo ya roho yangu. Juni 1888 Vincent van Gogh alikwenda Saintes-Maries-de-la-Mer, kusini mwa Ufaransa, akakuta mitumbwi ya wavuvi imevutwa mchangani: myekundu, kijani, bluu, kingo za njano. Wavuvi walikuwa wanaondoka alfajiri, hivyo aliichora harakaharaka kwa kalamu kabla hawajaishusha majini, akaenda kupaka rangi alikorudi, Arles. Mmoja umeandikwa jina ubavuni, *Amitié*, maana yake urafiki. Mimi nimeandika *Subira*, *Mungu Mwema*, *Wivu Hauna Faida* na *Mama Neema* mara nne. Zaidi ya miaka 130 iliyopita fundi mwenzangu asiyejulikana aliandika *Amitié*, Van Gogh akapita, na sasa jina hilo liko makumbusho Amsterdam.

Van Gogh si ndiye aliyejikata sikio?

Ndiye. Desemba 1888, Arles, baada ya kugombana na mchoraji mwenzake Paul Gauguin. Mchoro wa daktari aliyemtibu unaonyesha lilienda karibu lote. Alikuwa anaumwa, na ugonjwa wa akili si kichekesho. Nimewaambia vijana wangu wasilifanyie utani.

Jambo linalofaa kumkumbuka nalo ni bidii. Aliamua kuwa mchoraji akiwa na miaka 27, akafa 37. Katika miaka kumi aliacha picha za rangi ya mafuta karibu 860. *Usiku wa Nyota* aliuchora Juni 1889 akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, Saint-Rémy. Aliona anga ile dirishani usiku, lakini alichora mchana kwa kumbukumbu, na kijiji cha chini akakitia mwenyewe. Iko New York sasa. Akiwa hai, picha ambayo tunajua kwa hakika iliuzwa ni *Shamba la Mizabibu Mekundu*, mwaka 1890, kwa faranga 400.

Nani alimfanya ajulikane? Shemeji yake. Kaka na mdogo wake Theo walifuatana kaburini ndani ya miezi sita, na Johanna, mjane wa Theo, akabaki na mtoto mchanga na nyumba imejaa picha ambazo hakuna aliyezitaka. Alizihifadhi, akazipeleka kwenye maonesho, akachapisha barua. Bila mama huyo, leo tusingekuwa tunaulizana habari za sikio.

Kwa nini Monet alichora magugu maji?

Nacheka kila nikiulizwa hili, maana anayeuliza kwa kawaida ametoka kuhangaika na gugu maji lililoziba mwalo wake. Yale ni mayungiyungi, ndugu zangu. Yamechanua juu ya bwawa alilochimba Claude Monet mwenyewe nyumbani kwake Giverny, Ufaransa, kuanzia 1893. Majirani walipinga: walihofu mimea ile ya kigeni itaharibu maji ya mto wao. Ukiishi pembeni mwa Ziwa Victoria, ambako gugu la kutoka Amerika ya Kusini limefunga injini za watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, unawaelewa wale majirani. Bahati yao Monet alikuwa na watunza bustani wa kulisafisha bwawa.

Alilichora mara 250 hivi. Bwawa lilelile, kwa sababu alichokuwa anafuata ni mwanga, na mwanga haukai. Nenda kasimame feri ya Kamanga saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha rudi saa tatu: maji ni yaleyale lakini rangi nyingine kabisa. Picha yake ya bandari ya Le Havre, *Taswira, Macheo* ya 1872, ni asubuhi ya namna hiyo: ukungu, mitumbwi miwili mitatu ya giza, jua jekundu. Mwandishi mmoja wa gazeti alilitumia jina hilo kuwakejeli wachoraji wa kundi la Monet mwaka 1874, akawaita "Impressionists", yaani watu wa taswira, na kejeli ikageuka jina la kundi zima. Uzeeni mtoto wa jicho ulimwingia, rangi zake zikawa nyekundu na kahawia, akafanyiwa upasuaji mwaka 1923.

Ni kweli Michelangelo alichora dari ya kanisa amelala chali?

Hapana, alisimama juu ya jukwaa, shingo nyuma, kati ya 1508 na 1512. Aliandika hadi shairi kulalamika jinsi mwili ulivyopinda na rangi inavyomdondokea usoni. Aliyewahi kupaka silingi ataamini bila ushahidi. Na alijiita mchongaji. Uchoraji ule wa Sistine, ndilo hilo kanisa la Vatikani unaloulizia, alilazimishwa na Papa Julius II.

Picasso mbona hata mwanangu anaweza?

Mlete Jumamosi.

Kwa kweli Picasso alijua kuchora sura ya mtu kama ilivyo tangu akiwa mtoto. Alichokuwa anatafuta ni njia nyingine, na sehemu ya njia hiyo aliipata kwetu. Mwaka 1907 aliingia makumbusho ya Trocadéro, Paris, akakuta vinyago vya Afrika. Mwaka huohuo alimaliza *Wasichana wa Avignon*, na nyuso mbili za upande wa kulia ni vinyago kabisa. Waliochonga vile vinyago majina yao hayakuandikwa popote. Mimi hilo linanikera, na sitajifanya halinikeri.

Ila *Guernica* inanyamazisha. Tarehe 26 Aprili 1937 ndege za Wajerumani na Waitaliano zilipiga mabomu mji wa Guernica, Hispania, mchana, na watu wamejaa. Picasso alichora turubai ya mita karibu 3.5 kwa 7.8, kwa nyeusi, nyeupe na kijivu tu, kama gazeti. Kushoto kuna mama amemshika mtoto aliyekufa, kichwa kimetupwa nyuma, ulimi umechongoka kama kisu. Mwanao anaweza kuchora mdomo wa hivyo. Kujua kwamba hapo ndipo panapohitaji ulimi wa kisu, hilo ni jambo lingine. Iko Madrid.

Wanawake hawakuwepo?

Walikuwepo, milango ilifungwa. Artemisia Gentileschi, aliyezaliwa Roma 1593, alibakwa na mchoraji aliyeajiriwa kumfundisha. Kesi ilipofika mahakamani mwaka 1612 ni yeye aliyeteswa, vidole vikakazwa kwa kamba ili "kuthibitisha" anasema kweli. Hakubadili maneno yake. Kamtazame *Yudithi Akimchinja Holoferne*, iliyoko Florence, ya mwaka 1620 hivi: wanawake wawili wamekunja mikono ya gauni, wanafanya kazi nzito, damu imeruka. Mwaka 1616 alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chuo cha wachoraji cha Florence.

Na Frida Kahlo wa Meksiko, aliyevunjwavunjwa na ajali ya basi mwaka 1925 akiwa na miaka 18. Alianza kuchora akiwa kitandani, kioo kimefungwa juu yake, ndiyo maana alijichora mwenyewe sana.

Na sisi Waafrika tuko wapi kwenye hadithi hii?

Tuko ndani kuliko vitabu vinavyosema, mara nyingine ndani ya fremu yenyewe. Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania, alikuwa na mtumwa mwenye asili ya Afrika, Juan de Pareja, aliyemsaidia karakanani. Mwaka 1650 wakiwa Roma alimchora: kola nyeupe, bega limegeuzwa, macho hayaombi ruhusa. Mwaka huohuo alimwandikia hati ya uhuru. Pareja akawa mchoraji kwa jina lake, na kazi yake ya 1661, *Wito wa Mtakatifu Mathayo*, iko Prado, Madrid, naye amejichora ndani yake.

Nyumbani, Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa hadibodi za mraba na rangi ya kupakia baiskeli. Hiyo rangi ni ndugu wa hii ninayopaka mitumbwi: inang'aa, inakauka haraka, haiogopi maji. Alipata miaka minne tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kudhani ni mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza, na leo mtindo una jina lake duniani kote.

Sam Ntiro wa Machame wengi hawamjui. Alisoma Makerere na London, akafundisha, akatuwakilisha Uingereza kama balozi. Mwaka 1960 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York yalichukua picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Pombe ya ndizi, jengo moja na *Usiku wa Nyota*!

Na kama unataka ya kale, usitafute Italia. Michoro ya miambani Kondoa iliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na kwenye kisiwa cha Mfangano, upande wa Kenya wa ziwa letu hili, kuna mviringo ndani ya mviringo wa rangi nyekundu na nyeupe mwambani. Wenyeji waliihusisha na kuleta mvua.

Picha ya bei mbaya kuliko zote ni ipi?

*Mwokozi wa Dunia*, inayosemwa ni ya Leonardo: dola milioni 450.3 kwenye mnada New York, Novemba 2017. Mwaka 1958 picha hiyohiyo iliuzwa pauni 45, maana ilidhaniwa ni nakala. Wataalamu bado wanabishana ni mkono wake kiasi gani. Bei inakuambia matajiri wangapi walikuwa chumbani siku hiyo.

Naweza kuziona hapa Mwanza?

Zenyewe, hapana. Lakini makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, yameweka picha zake kwenye intaneti bure kwa ukubwa wa kutisha. Fungua *Zamu ya Usiku* ya Rembrandt, ya 1642, uvute mpaka uone nyufa za rangi. Utagundua pia si usiku: vanishi iliyochakaa ndiyo iliitia giza. Tumia vifurushi vya usiku, mchana vitakumaliza.

Kwa kazi za huku, panda daladala ya Kisesa uende Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma.

Kunakili kazi ya mtu si wizi?

Ukinakili kujifunza na ukasema ni nakala, hakuna neno. Van Gogh alinakili chapa za Wajapani. Ukiweka saini yako kwenye tingatinga ya mwenzio aliye hai, huo ni wizi, na soko zima tutajua.

Bluu nzuri napata wapi?

Dukani, kopo la robo lita, usilie bei. Zamani bluu safi ilisagwa kutoka jiwe lililochimbwa Afghanistan, na Johannes Vermeer wa Delft aliitumia hata sehemu ambazo hakuna angeona. Kilemba cha *Msichana Mwenye Hereni ya Lulu*, cha mwaka 1665 hivi, ni bluu hiyo. Alikufa 1675 ana madeni, na mkewe akamwachia muuza mikate picha mbili kama dhamana ya deni la mkate. *Msichana* naye aliuzwa mnadani mwaka 1881 kwa gulden mbili na senti 30. Bluu ya Hokusai ilikuwa ya kiwandani, imeingia Japani kutoka Ulaya, na angalia alivyoifanyia.

Jumamosi mnaanza saa ngapi, na mtoto aje na nini?

Saa tatu asubuhi. Penseli ya 2B, kifutio, daftari lisilo na mistari, na nguo ambayo mama yake hataidai. Rangi ninayo. Tunaanza na mtumbwi wowote uliopo mchangani, na tunauchora kabla mwenyewe hajaja kuuchukua.